Nilipokaa Upande wa Mashabiki

Wanamuziki wa dansi wa enzi zetu tulikuwa na ajabu moja: mji mzima ulitujua, lakini bendi yetu wenyewe hatukuwahi kuiona. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi wa Dar es Salaam tulikuwa na redio tu. Picha zetu zilikuwa za mnato, tumejipanga mstari na vyombo mikononi, hakuna anayepiga chochote. Ungeniuliza wakati huo bendi yetu ikiwa jukwaani inaonekanaje, ningekutajia ninavyovijua: mgongo wa mwimbaji, kiwiko cha mpiga besi na shingo ya gitaa langu.

Nilipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya shirika moja la umma. Jina lake naliweka kando, maana baadhi ya wenzangu bado wapo na kila mmoja ana simulizi yake. Ilikuwa miaka ambayo bendi nyingi zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz, iliyozaliwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa imekuwa Juwata. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, sisi tukawa waajiriwa kama karani au dereva. Usipotokea kazini bila cheti cha daktari, mshahara unakatwa. Kwa hiyo hata wazo la kukaa chini ukaitazama bendi yako halikuwepo. Ikipiga, uko kazini. Isipopiga, hakuna cha kutazama.

Tulichokuwa nacho badala yake ni kusikia. Bendi zote zilirekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Kwanza mashairi yanapelekwa yakaguliwe, kisha mnaitwa studio, mnapiga wote kwa pamoja wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Akiteleza mpiga tarumbeta kwenye ubeti wa mwisho, mnarudi mwanzo wote, na wa kwanza kununa ni mwimbaji ambaye sauti imeanza kumkauka. Baada ya hapo mnangoja wimbo utoke hewani. Siku unatoka, tulikuwa tunakusanyika kwenye kilabu karibu na ukumbi wa mazoezi, redio juu ya kaunta, kimya. Wimbo ukiisha, mpiga besi anasema besi imemezwa. Wa saksafoni anasema wamemweka mbali na maikrofoni. Mimi nasema ridhimu haisikiki kabisa. Hata mmoja hakuwahi kusema kama wimbo ulikuwa mzuri. Hilo tuliwaachia wasikilizaji, nao waliandika barua.

Nafasi ya kuiona bendi niliipata mwaka 1984 kwa sababu ya ugonjwa. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilipata mdudu, kikavimba mpaka sikuweza kubana nyuzi. Daktari akakipasua, akakifunga, akanipa mapumziko. Jumamosi tulikuwa na dansi Amana, Ilala. Kiongozi wa bendi akaniambia nipumzike nyumbani, ridhimu ataishika kijana wetu wa solo la pili. Mama Rehema, mke wangu, ndiye aliyesema: "Kwa nini tusiende wote? Tangu unioe hujawahi kunipeleka dansi, kazi yako kuniacha kwenye meza ukapande jukwaani."

Tukaenda. Mlangoni kijana wa tiketi akanidai kiingilio. Nikamwambia mimi ni mwanamuziki wa humu. Akanitazama mikononi, hakuna gitaa ila bandeji, akasema kila mtu usiku huo amekuwa mwanamuziki wa humu. Nikalipa viwili. Ndiyo mara yangu ya kwanza kujua watu wanalipa kiasi gani kutuona, na nilipokumbuka mshahara wetu wa mwisho wa mwezi nikaanza kupiga hesabu ambazo mwajiri asingezipenda.

Tulipata meza nyuma, upande wa kaunta. Bendi ilipoanza, jambo la kwanza lililonishtua ni sauti. Sisi jukwaani tulikuwa nyuma ya spika. Spika zilitazama watu, sisi tulisikia kilichokuwa karibu: mimi dramu za kushoto kwangu na tarumbeta mbili zilizonipigia kisogoni usiku kucha. Kwa miaka yote niliamini bendi yetu ni ya tarumbeta. Kule nyuma tarumbeta zilikuwa jambo la mbali, zinakuja na kupotea. Kilichojaa ukumbi kilikuwa besi na tumba, na katikati yake, kikiwa wazi kuliko nilivyowahi kukisikia, gitaa la ridhimu. Gitaa langu. Nililokuwa nalilalamikia miaka yote kwamba halisikiki. Sasa linasikika, na anayelipiga ni mtu mwingine.

Nikamgeukia jirani wa meza, bwana mmoja wa makamo aliyekuwa anaimba kila neno pamoja na waimbaji. Nikamuuliza, "Ndugu, huoni leo kuna mtu hayupo?"

"Nani?"

"Yule wa gitaa la kati."

Akatazama jukwaani, akahesabu kwa kidole, akarudi kwangu. "Kwani huwa wako wangapi?"

Mama Rehema alicheka hadi akaweka glasi chini.

Wimbo wa tatu ulikuwa wetu mkubwa wa mwaka ule, na sehemu ya magitaa niliipanga mimi. Mke wangu akaniinua tukacheze. Nyimbo zetu za dansi mnazijua zilivyo: mwanzo ni wa taratibu, waimbaji wanasimulia kisa chao, watu wamekumbatiana wanazunguka polepole. Kisha inakuja chemko, magitaa yanapandishana, tarumbeta zinajibizana na ukumbi mzima unaachiana na kurusha miguu. Kwenye taratibu nilijitahidi. Lakini kadiri tulivyokaribia chemko nilianza kukaza mabega. Mpiga dramu wetu alikuwa na kawaida ya kutoa ishara kwa kichwa kabla ya kubadili. Mimi nikawa namtafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Alipoitoa, nikasimama wima kama askari wa gwaride, vidole vitatu vizima vya mkono wa kushoto vikikandamiza mgongo wa mke wangu kutafuta nyuzi.

"Baba Rehema," akasema, "unanipiga mimi au gitaa?"

Nikamwomba radhi, tukajaribu tena. Haikusaidia. Kijana aliyenishikia nafasi alichelewa kidogo sana kwenye badiliko la pili, nami mwili mzima ukashtuka. Nikatazama pande zote nione watu wamechukuliaje. Hakuna aliyekosa hata hatua. Yule bwana wa meza ya jirani alikuwa amefumba macho, anatingisha kichwa kwa furaha kamili. Kosa kama lile, kama lingefanyika nami nikiwa jukwaani, tungelizungumza mazoezini hadi Ijumaa.

Lakini watu waliona mengine, ambayo sisi hatukuwahi kuyafikiria. Karibu na kaunta kulikuwa na akina dada watatu, na nilisikia mazungumzo yao kwa kuwa walilazimika kupaza sauti. Walimjua mpiga dramu kwa miayo. Walimwita mpiga solo wetu "Bwana Kisogo", kwa sababu alikuwa akipiga amewageuzia mgongo, anatazama amplifaya yake. Sisi tulijua anasikiliza, wao waliona anaringa. Walijua siku ambazo waimbaji wawili wa mbele wamegombana, kwa namna wasivyopeana maikrofoni. Walijua hata kiongozi wa bendi akikunja uso maana yake wimbo unaofuata utakuwa mfupi. Tulidhani ugomvi wetu ni siri ya chumba cha mazoezi. Mji mzima ulikuwa unausoma jukwaani kila Jumamosi.

Wakati wa mapumziko wenzangu walishuka, wakanijia mezani mmoja mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza bendi inasikikaje, inaonekanaje, kwamba tarumbeta zisogezwe na spika zigeuzwe kidogo. Wa kwanza akauliza, "Mimi nasikikaje?" Wa pili akauliza, "Saksafoni yangu inafika huku?" Mwimbaji akamuuliza mke wangu, si mimi, kama koti lake linakaa vizuri. Ilikuwa hadithi ile ile ya redio juu ya kaunta. Mama Rehema ndiye aliyejibu kwa wote: "Mko vizuri, lakini mwambieni wa dramu alale mchana."

Sijui kama niliifurahia bendi yangu usiku ule. Nilijifunza, hilo nina uhakika. Kwenye mazoezi tulizigeuza spika, na mpiga solo alijaribu kutazama watu kwa wiki kadhaa kabla ya kurudia kisogo chake. Lakini furaha ni kitu kingine. Niliijua vizuri, maana niliipata Jumatatu, siku ambayo sisi hatupigi. Nilikuwa nikienda White House, Ubungo, kuitazama bendi ya Maquis inapopata usiku wa kupiga, na pale nilikaa nikanywa, nikacheza mtindo wao wa Kamanyola hadi shati linaloa. Nilisikia magitaa yao na sikujua nini kinafuata. Kwenye bendi yangu nilijua kila kinachofuata, na kila nilichokijua kilikuwa kazi.

Wengine waliitazama bendi yao ya zamani kwa njia nyingine, ya kuhama. Miaka ile kuhama ilikuwa kama ligi ya mpira. Mwaka 1985 Muhiddin Gurumo na Abel Balthazar waliondoka Mlimani na wenzao, wakaenda Orchestra Safari Sound, na kwa miezi mji haukuongea jingine. Bendi yetu nayo ilinyang'anywa watu. Mpiga tarumbeta mmoja alituacha kwa mshahara bora, na baada ya muda akaja kututazama. Mashabiki wakawa hawatutazami sisi, wanatazama uso wake. Alisimama karibu na mlango, mikono mfukoni. Tukapiga wimbo aliokuwa ametunga sehemu ya tarumbeta, mrithi wake akaupiga sawasawa. Yule bwana hakungoja chemko. Niliporudi nyuma nikakumbuka nilivyosimama Amana, nikamwelewa: ili uitazame bendi yako lazima utoke, na ukishatoka kuna mtu amekaa kwenye kiti chako.

Televisheni ilipokuja tulidhani itatuondolea tatizo hilo. Katikati ya miaka ya 1990 tulialikwa kurekodiwa, na siku ya kuonyeshwa tukajazana sebuleni kwa jirani wa mwimbaji wetu, watoto wakakaa sakafuni. Sasa mtu angeweza kuitazama bendi akiwa ndani yake. Lakini studio ile walicheza kanda ya redio, sisi tukaigiza kupiga vyombo visivyotoa sauti. Kamera ilimpenda mwimbaji. Mimi nilionekana mara mbili, mara moja kiwiko. Kila mmoja alijitafuta, na aliyejiona alipiga kelele, na kwa hizo kelele hatukusikia wimbo. Mjukuu wangu anaponionyesha leo vijana wanavyojirekodi kwa simu na kujitazama kabla hawajashuka jukwaani, namwambia nao wanafanya tulichofanya sebuleni pale, ila kwa kioo kidogo zaidi.

Bendi yetu haikufa. Ilibadilishwa jina, ikapoteza mwajiri, ikachukuliwa na vijana. Wengi wa waliopiga nami wamekwisha kutangulia. Miaka michache iliyopita mpwa wangu alinipigia: "Mjomba, wanapiga Kinondoni Jumapili, na nyimbo zenu zimo." Nikaenda na Mama Rehema, wote wawili tukitembea taratibu.

Wakapiga ule wimbo wa Amana. Mwanzo ulikuwa wetu, neno kwa neno, nami nikakaza mabega kungoja ishara ya dramu. Haikuja. Vijana wameondoa badiliko la pili, wameweka kinanda mahali pa tarumbeta, na chemko limeanza kabla sijajiandaa. Mwanzoni nilikasirika. Kisha nikagundua tayari nacheza, na mke wangu ananicheka kwa kuwa miguu imesahau. Sikujua nini kinafuata. Nilisubiri kama mtu mwingine yeyote aliyelipa mlangoni, na kilipofuata kilinifurahisha.

Mwimbaji aliambiwa mimi ni nani. Akatangaza kwamba mzee wao yupo ukumbini, akaniomba nipande nishike gitaa angalau kwa wimbo mmoja. Watu wakapiga makofi. Nikamnyooshea mkono kumshukuru, nikamwambia wapige kwanza mwingine, huu bado tunaucheza.