TV ya chogo iliyoko stoo si ya kuchezea mtoto

Mgeni akifika Arusha huonyeshwa Boma la Wajerumani, Mnara wa Saa na Mnara wa Azimio, ukumbusho wa mwaka 1967. Philips hakuna anayempeleka. Ni kituo cha daladala tu, barabara ya kwenda Moshi, ila jina lake limetokana na kiwanda kilichokuwa kikiunganisha redio.

Redio za zamani sasa ziko wapi? Nyingi ziko stoo na mvunguni mwa kitanda, pamoja na TV za chogo zilizowekwa kando baada ya matangazo ya analojia kuzimwa mwaka 2013, subufa zilizoungua na simu zisizowaka.

Mama mmoja wa Ngarenaro alijua stoo yake imeguswa aliposikia harufu ya plastiki nyuma ya nyumba. Mwanawe wa darasa la tano na wenzake walikuwa wakichoma nyaya ili wapate shaba ya kumuuzia mnunuzi wa skrepa. TV walishaipasua kwa jiwe. Hakumchapa. Alimuuliza wangepata shilingi ngapi, na jibu halikufika bei ya chai na chapati mbili.

Kioo cha TV ya chogo kina madini ya risasi, na risasi imo pia katika lehemu ya redio za zamani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto huifyonza kuliko mtu mzima, tena mikono yake haikai mbali na mdomo. Ubongo ndio unaoumia: uelewa hupungua, darasani hatulii, na mzazi anadhani ni utundu. Moshi wa nyaya nao una sumu, hata kama moto ni mdogo.

Kutupa mtoni si dawa. Themi na Naura hutoka Mlima Meru na kupita katikati ya jiji, na kuna watu wanaomwagilia mboga kwa maji hayo.

Kifaa kinachotengenezeka mpelekee fundi. Vipuri vyake vitafufua kingine. Kilichokufa kabisa kiuzwe kizima, na mtu mzima, bila kupasuliwa wala kuchomwa nyumbani. Kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021 zinamtaka mkusanyaji awe na kibali, kwa hiyo muulize kabla hujampa. NEMC ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, na swali la nani ana kibali ni halali yako kuwauliza.

Kabla ya yote, toa betri. Zile ndogo za duara, za remoti na saa, ndizo za kuogopwa zaidi: ikikwama kooni huunguza ndani ya saa mbili. Ukihisi mtoto kaimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali.