Ukumbi wa Khaliqdina, Karachi

Msafiri atokaye bandarini Karachi kwenda mjini hupita njia kuu iliyokuwa ikiitwa Bunder Road, ambayo leo ina jina la Muhammad Ali Jinnah. Kando ya njia hiyo limesimama jumba la mawe lenye nguzo mbele, lililojengwa mwaka 1906 liwe maktaba na ukumbi wa mikutano. Asiyejua habari zake hatalitupia jicho mara ya pili. Na humo ndimo serikali ya Kiingereza ilimofanyia mahakama mwaka 1921, ikawasimamisha watu saba.

Kosa lao lilikuwa neno moja: haramu. Mwezi wa Julai mwaka ule, Mkutano wa Khilafa ulikutana Karachi, ukakata shauri kwamba ni haramu kwa Muislamu kutumikia jeshi la Kiingereza au kuwaandikisha wengine humo. Serikali ikasema huko ni kuwachochea askari kuasi.

Walioshtakiwa ni Maulana Muhammad Ali na nduguye Shaukat Ali, Maulana Husain Ahmad Madani wa Deoband, Dakta Saifuddin Kitchlew, Pir Ghulam Mujaddid na Maulana Nisar Ahmad. Wa saba hakuwa Muislamu hata kidogo: ni Shankaracharya, mkuu wa dini ya Kihindu.

Muhammad Ali hakukana. Alieleza kwamba Kurani inamkataza Muislamu kumuua Muislamu mwenziwe kwa kusudi, kisha akawakumbusha mahakimu ahadi ya Malkia Victoria ya mwaka 1858, kuwa dini za raia hazitaingiliwa. Basi vipi mtu afungwe kwa kutamka hukumu ya dini yake? Kwa maoni yangu, hoja hiyo haikujibiwa. Ilifungiwa mlango tu.

Tarehe 1 Novemba Shankaracharya aliachiwa, na wale sita wakapewa kifungo cha miaka 2. Mama yao akina Ali, Abadi Bano Begum, aliyewalea katika ujane, alishika njia akihutubia mikutano wanawe wakiwa gerezani.

Mwaka 1924 Waturuki wenyewe waliuondoa ukhalifa. Muhammad Ali alifariki London mwaka 1931, akazikwa Baitul Muqaddas. Madani, aliyepinga kugawanywa kwa Bara Hindi, aliishi hadi 1957 upande wa India. Na ukumbi aliohukumiwa ukabaki Pakistan, ng'ambo ya mpaka asioutaka.