Bibi harusi aliyegoma kuolewa wiki ya Hidaya

Watu wa Mafia wiki ya kwanza ya Mei 2024 wanaikumbuka vizuri. Ni wiki ya kimbunga Hidaya. Sasa pale Kilindoni kulikuwa na dada mmoja, harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, tarehe 4. Michango imeshakusanywa, sare zimeshonwa, mpishi kapewa chake, maturubai yamelipiwa. Upande wa bwana harusi unatoka Dar, yaani gari mpaka Nyamisati halafu boti mpaka kisiwani. Watu kama arobaini hivi, na watoto juu.

Jumatano matangazo ya TMA yakaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kesho yake kimbunga kina jina kabisa. Grupu la harusi likawa vicheko tu. Si hidaya ni zawadi? "Zawadi ya maharusi imetangulia!"

Dada hakucheka. Alilisoma tangazo mpaka mwisho: upepo mkali, mawimbi makubwa, mvua kubwa, na mkoa wa Pwani umo, Mafia ikiwemo. Akampigia mchumba wake. Msivuke, tusogeze mbele.

Simu ikachukuliwa na mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi mwanangu, unaahirisha harusi kwa ajili ya mvua?"

Na tusimlaumu sana yule mama, hoja alikuwa nayo. Mwaka 2019 ilitangazwa Kenneth, Mtwara watu wakahama makwao, upepo wenyewe hawakuuona. 2021 ikatangazwa Jobo, Dar roho juu, kikaishiwa nguvu kabla hakijafanya la maana. Mtu akishatishwa mara mbili, ya tatu anaona ni maigizo.

Ila watu wanasahau kitu kimoja. Kenneth hakikuwa uongo. Kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo tu ya mpaka, na watu wakafa. Mtwara walipona kwa sababu kimbunga kilipita kwa jirani. Utabiri unakwambia hatari iko wapi na inaelekea wapi. Haukuapii kwamba itagonga mlango wako.

Dada akamjibu mama kwa upole: "Mama, hela ya maturubai nitaitafuta. Watu arobaini wakipotelea majini, nitawatafuta wapi?"

Simu ikakatwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mara hampendi kijana wa watu, mara ana mtu wake, mara anaringa na uzuri. Mwenye maturubai akagoma kurudisha hata senti. Mpishi peke yake ndiye aliyekuwa muungwana. Mama mzazi wa dada akawa hatoki nje kwa aibu, na bwana harusi mwenyewe siku nzima ya Ijumaa kimya, meseji zinasomwa hazijibiwi. Hebu fikiria, kesho ni siku ya ndoa yako na hujui kama bado una mchumba.

Jumamosi Hidaya kikafika Mafia. Upepo ulivuma hasa, minazi ikainama, mabati yakapiga kelele, bahari haikutazamika. Usiku kikaishiwa nguvu. Huku bara, upande wa Kilwa, maji yakaikata barabara kuu ya kusini, Lindi na Mtwara zikakaa siku kadhaa bila njia ya Dar.

Jumapili asubuhi meseji ya kwanza kwa dada ilitoka kwa bwana harusi. Maneno mawili tu: "Mko salama?"

Ndoa ikafungwa baadaye, siku ya jua kali. Mama mkwe alivuka na kundi lake lote. Samahani hakuomba, mama zetu mnawajua. Ila inasemekana mpaka leo yeye ndiye anayerusha utabiri wa TMA kwenye grupu la familia kila asubuhi, na ole wake anayecheka.

Haya wadau, ukweli kutoka moyoni: kama ni wewe, maturubai umeshalipia na mama mkwe kanuna, ungeahirisha?