Kawia Ufike: Siku Moja Katika Bandari ya Malindi, Unguja

Mwenye kufika bandari ya Malindi, Unguja, mara baada ya sala ya Alfajiri, hukuta mji umekwisha amka zamani. Nyuma yake zasimama nyumba za mawe za Mji Mkongwe na minara ya misikiti. Mbele yake majahazi yamelala ubavu kwa ubavu, na harufu ya karafuu, ya papa mkavu na ya mafuta ya meli zimechanganyika katika hewa moja. Wachukuzi wanapiga kelele za kuombwa njia, akina mama wamewashika watoto mikono, na kila mtu ana haraka yake.

Nami nalikuwa na haraka yangu, tena kubwa. Ulikuwa mwezi wa Julai, na Kusi imeshika nguvu. Usiku wake nalipata khabari ya kuwa shangazi yangu, aliyenilea tangu utoto, amefariki dunia huko Pemba, na kwamba atazikwa siku ile baada ya sala ya Alasiri. Meli ya asubuhi ikiondoka kwa wakati wake, ningewahi kumtilia mchanga.

Basi nalishika foleni. Kwanza ilikuwa ya tiketi, na karani hakubali kuandika mpaka aone kitambulisho na kulilinganisha jina. Ya pili ilikuwa ya kupima mizigo. Mbele yangu bwana mmoja alikuwa na magunia matatu zaidi ya haki yake, akabembeleza: "Magunia matatu hayazamishi meli!" Akakataliwa. Mwengine alikosa nafasi, akasihi aongezwe yeye peke yake. Naye akakataliwa. Tulipokwisha yote hayo, tumeketi twangoja kupanda, tukatangaziwa kuwa chombo hakitatoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Safari ni mpaka kesho.

Manung'uniko yakaenea. Huyu akasema, "Babu zetu wakivuka kwa majahazi na hawakumwuliza mtu." Yule akasema, "Siku ikifika imefika, hata ukiwa kitandani." Mimi nalimwendea karani nikamwambia maneno makali ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya. Hakunijibu ila, "Samahani, bwana."

Nikarejea kuketi kando ya mzee mmoja aliyekuwa akivuta tasbihi juu ya mkoba wake. Akaniuliza, "Mwanangu, wafukuzia nini huko?" Nikamwambia, "Maziko, mzee. Shangazi yangu amefariki." Akasema, "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun." Kisha akanyamaza kitambo, akaendelea: "Shangazi yako atakuwa na kaburi, nawe utalizuru. Mimi nina mwana wa kiume aliyepanda chombo hapa hapa mwaka 2011, na mpaka leo sijui nimzuru wapi."

Sikuhitaji kuuliza chombo gani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, siku chache baada ya Idi-el-Fitri, meli ya MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, mbele ya Nungwi, imejaa watu kupita kiasi pamoja na shehena yao. Mamia kwa mamia walipotea. Orodha ya abiria haikuwa na majina ya wote waliokuwamo, na kwa hivyo jamaa wengi walikaa siku nyingi wasijue kama mtu wao alipanda au hakupanda. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai, 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Chombo kile kilikuwa kimefanya kazi miaka mingi katika maji ya Seattle, Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu.

Hapo nikazifahamu zile foleni. Jina lililoniudhi kuliandikisha ndilo ambalo mzee yule angelipenda kulikuta katika orodha. Na yale magunia matatu, ni kweli hayazamishi meli. Lakini kila mmoja wetu anayo matatu yake, na haba na haba hujaza kibaba. Chombo kilichozidishiwa uzito, hasa ukiwa juu, hukosa uthabiti. Likija wimbi kubwa la ubavuni, watu na mizigo huelemea upande mmoja, nacho kisiweze kujiinua tena.

Ama wale wasemao kwamba siku ikifika imefika, neno lao ni kweli lakini wamelitia pasipo mahali pake. Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitie wenyewe katika maangamizo, na Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika Sargh akaambiwa kuwa huko mbele kuna tauni. Akashauriana na watu, akaazimu kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kisha Abdurrahman bin Awf (R.A.) akawatolea hadithi ya Mtume iliyoafikiana na rai hiyo. Umar alikuwa kiongozi wa umma mzima na safari yake ilikuwa na haja. Hata hivyo hakuona aibu kugeuza ngamia wake.

Alasiri ile, saa ambayo shangazi yangu alikuwa akizikwa, nalikuwa katika msikiti mmoja karibu na bandari. Baada ya sala ya jamaa, imamu aliniuliza jina la maiti, tukamsalia sala ya ghaibu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia Najashi. Yule mzee alisimama katika safu ya kwanza, na machozi yake yalikuwa mengi kuliko yangu.

Asubuhi ya pili upepo ulipungua, tukavuka. Tulipoipita Nungwi watu wengi walinyamaza, na wengine walisoma Fatiha. Nikafika Mkoani salama, nikaenda makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi.

Enyi vijana, mtakapozuiwa bandarini, au kuambiwa mvae jaketi la kuokolea, au mshuke kwa kuwa chombo kimejaa, msimtukane mwenye kuwazuia. Wahenga wamesema: kawia ufike. Nami nalikawia siku moja, nikafika. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliochukuliwa na bahari, awape subira jamaa zao, na atujaalie sisi kuwa wenye kutahadhari na kumtegemea Yeye. Amin.