Asilimia ya Waliobaki

Nimefundisha shule za msingi wilayani Handeni tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Korogwe. Nimeona ukame, nimeona mshahara ukichelewa, lakini hakuna kilichonitikisa kama ule wakati wa rangi.

Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Tume ikaundwa, kelele zikapigwa bungeni na vijiweni, na mwaka huohuo serikali ikaleta Matokeo Makubwa Sasa, mpango ulioigwa Malaysia. Kwetu walimu wa shule za msingi mpango ule ulifika kama orodha: shule zimepangwa kwa ufaulu wa darasa la saba, kisha zimepakwa rangi, kijani, njano na nyekundu. Yetu ilikuwa nyekundu.

Na tuliistahili, sitaki kudanganya. Ofisi yetu ya walimu ilikuwa ya undugu hasa. Tulizikana, tulichangiana harusi, tulicheza upatu kila mwisho wa mwezi. Mwenzetu asipoonekana darasani tulisema ana udhuru, na kuuliza udhuru gani kulikuwa kumchoma. Huku watoto wakifika darasa la sita hawajui kusoma tangazo la mbio za mwenge lililobandikwa mlangoni. Undugu ule ulikuwa wetu sisi, watoto haukuwafikia. Kwa hiyo rangi ilipokuja na watu wakaanza kuingia vipindi, mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi.

Shida ilikuwa kwenye kugawanya. Ufaulu wa shule hupatikana kwa kuchukua waliofaulu na kuwagawanya kwa waliofanya mtihani. Waliofanya, si walioandikishwa. Anayejua hesabu ya darasa la nne ataona hapo njia mbili za kupandisha asilimia: kuongeza wanaofaulu, au kupunguza wanaofanya. Ya kwanza inataka miaka. Ya pili inataka wiki moja ya kuzungumza na wazazi.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba. Mwalimu mkuu wangu wa wakati ule aliniita, akafunga mlango.

"Mwalimu, hawa wa nyuma watatuangusha. Waite wazazi. Wakariri la sita, au wapumzike nyumbani."

"Wapumzike mpaka lini, Mkuu?"

"Mpaka Septemba ipite."

Hakuwa mtu mbaya. Juu yake alikuwepo mratibu wa kata, juu ya mratibu ofisi ya wilaya, na kila ngazi iliulizwa asilimia na ngazi iliyo juu. Lakini orodha aliyonipa ilikuwa na majina, na majina yale nilikuwa nikiyaita kila asubuhi. Mmoja alikuwa binti wa kitongoji cha mbali, anayekuja na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko wa rambo na kugawia wenzake. Huku kwetu binti akiambiwa apumzike mwezi wa sita, mwezi wa tisa unamkuta anaosha vyombo vya watu Dar. Mabasi yanapita Mkata na Kabuku mchana na usiku, na nauli ya kumpeleka mtoto kazi za ndani haikosi mtu wa kuitoa.

Sikuita wazazi. Kwenye daftari la mahudhurio niliendelea kuandika waliokuja kuwa wamekuja.

Walifanya mtihani wote. Asilimia yetu ilishuka, na ofisi ikanigeukia. Salamu zilibaki, maana sisi hatuachi salamu, lakini zilikuwa za mdomoni. Mchezo wa upatu ulipoanza upya nikaambiwa nafasi zimejaa. Zamu za Ijumaa zikawa zangu mfululizo, nisiweze kushuka Korogwe kwa mama mwishoni mwa wiki. Kikaoni mwenzangu mmoja alisema, bila kunitaja, kwamba kuna watu wanapenda kuonekana wema kwa jasho la wengine. Hilo liliniuma kuliko upatu, kwa sababu lilikuwa na chembe ya ukweli: posho na sifa zilizopotea hazikuwa zangu peke yangu.

Kilichonishikilia kwanza ni mama. Baba yake alitoka Kasulu akiwa manamba, akakata mkonge Korogwe enzi za kipande, ile kadi ya kuandikiwa siku za kazi. Usipofikisha matita yako, kila tita majani thelathini, siku yako haikuandikwa, hata kama umetoka jasho tangu alfajiri. Mama anasimulia kwamba waliomaliza mapema walirudi kwenye mstari wa mgonjwa wakamkatia. Hawakubishana na nyapara juu ya hesabu. Matita yalitimia, na yalitimia kwa wote.

Cha pili ni mzee mmoja wa ofisini aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Siku ya kujaza OPRAS, ile fomu tuliyozoea kuinakili ya mwaka jana, aliifungua kwenye sehemu ya sifa za utendaji: uhusiano kazini, uadilifu, wajibu. Sehemu ile tulikuwa tukijipa moja moja, moja ndiyo alama ya juu, tukasaini. Akauliza ofisi nzima: "Uadilifu mmejipa moja. Kwa lipi?" Pakawa kimya. Kisha akachukua karatasi ya manila, akaandika safu mbili: walioanza darasa la kwanza, na waliofanya mtihani wa la saba. Akaibandika juu ya kabati la chaki. Pengo lilikuwa kubwa kuliko hata nilivyodhani mimi mwenyewe.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, na mengine yalihusu mambo ya zamani kabisa yasiyo na uhusiano. Ila yalizaa kitu. Wasiojua kusoma, wa darasa lolote, walikusanywa baada ya chakula cha mchana, na kila mwalimu alipewa wake, hata wasiokuwa wa darasa lake. Asiyeingia kipindi aliulizwa hapohapo, kwa jina, udhuru gani. Wawili waliona ni dharau wakaomba uhamisho. Mwalimu mkuu mpya alipokuja aliikuta karatasi na akaiacha.

Asilimia haikupanda mwaka uliofuata. Baadaye ilipanda, polepole. Yule binti hakufaulu, lakini alitoka shuleni anasoma; leo ana genge la nyanya Chanika, hapahapa Handeni, na daftari la wadeni analiandika mwenyewe.

Miaka ilipita ndipo nikasikia kwamba wachumi walichunguza takwimu za mtihani nchi nzima za wakati ule. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha alama kweli, na zilipunguza pia watahiniwa. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule bora. Wenzangu walishangilia. Mimi sikushangilia sana. Mzazi ana haki ya kujua shule ya mwanawe inafundisha au haifundishi.

Siku hizi malengo tunayajaza kwenye PEPMIS, mfumo wa mtandaoni uliochukua nafasi ya OPRAS, kwa simu, ukiwa umesimama pale mtandao unaposhika. Langu la kwanza huwa ufaulu wa somo. La pili huwa idadi ya watakaobaki mpaka mwisho. Mwaka wa kwanza lilirudishwa, nikaulizwa linahusiana vipi na somo la hisabati. Nikajibu: kugawanya.