Bulla Pesa: Mandolini Kuukuu Katika Nchi Kavu

Msafiri atokaye Nanyuki kwenda kaskazini hupita mashamba ya ngano ya Timau akiwa amejifunika koti. Kisha barabara huanza kuteremka, na muda si mrefu koti huwa mzigo. Mji wa Isiolo uko huko chini, kadiri ya mita 1,100 juu ya bahari, na kuanzia hapo nchi ni ya ngamia, migunga na vumbi. Bulla Pesa ni mtaa mmojawapo wa mji huo. Neno "bulla" latokana na Kisomali, maana yake makao au kijiji; neno la pili halihitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote.

Wasomali wengi wa Isiolo ni wazao wa askari waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, wakapewa makao hapo vita vilipokwisha. Jamaa zao walikuwa pande za Berbera na Aden, na kutoka Aden ndiko udi, ambao Wasomali huuita kaban, ulikoenea kwao. Abdullahi Qarshe, ahesabiwaye baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi mwaka 1924, akahamia Aden angali mtoto, na huko akanunua udi wake. Mandolini ni jamaa ya udi: ina nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, nazo hufungwa sauti kama za fidla. Basi mwenyeji wa Bulla Pesa atamaniye mandolini hatamani kitu kigeni kabisa. Wapo wazee wasiopenda ala za muziki nyumbani kwa ajili ya dini, na shauri hilo ni la kila nyumba. Shida nyingine ni ya ubao, nayo haina msamaha.

Ubao hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na hewa ikikauka hunywea. Mandolini iliyokaa Mombasa miaka thelathini imezoea hewa ya bahari. Ikipandishwa basi ikaletwa Isiolo wakati wa kiangazi, uso wake wa msonobari, wenye unene wa milimita tatu hivi, waweza kupasuka kabla mwenyewe hajajifunza wimbo wa kwanza, na fedha zake zimekwenda.

Kwa hiyo mnunuzi na aikague kabla ya kutoa hata senti moja. Aishike na kutazama shingo tangu kichwani, jicho moja limefumbwa, kama askari alengaye bunduki. Shingo iliyopinda haitatoa sauti ya haki, na kuinyosha ni kazi ya fundi hodari. Kisha agonge uso na mgongo kwa kidole, kama mama agongavyo chungu sokoni. Mlio wa kukwaruza ni dalili kwamba mataruma ya ndani, yanayoushikilia uso kama yale ya jahazi, yamebanduka. Vichwa vya kukazia nyuzi vikiwa na kutu si neno. Mafuta kidogo yatosha. Rangi iliyochakaa si neno pia, na afadhali isiguswe.

Ufa si mwisho wa mandolini. Kosa la wengi ni kuujaza gundi siku ile ile. Yafaa kwanza chombo kiwekwe ndani ya sanduku lake pamoja na kopo la sabuni lililotobolewa, lenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, kisiguse ubao. Baada ya majuma mawili au matatu ufa mwembamba huenda ukajifunga karibu wote, na hapo ndipo gundi itiwe. Gundi ya mafundi wa kale hupikwa kwa ngozi za wanyama, kitu kisichokosekana Isiolo, na sifa yake ni kwamba maji ya moto huilegeza, hata fundi wa kesho aweza kufungua kazi ya leo. Gundi kali za madukani, kama Araldite, zikishika zimeshika.

Nyuzi mpya ziwe nyembamba, maana zote nane pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 50 hata 70. Zisikazwe zote kwa mara moja. Zikazwe nusu, chombo kilale usiku kucha, na asubuhi mwenyewe atazame kama kidaraja kimesimama wima na kama uso haukudidimia, ndipo akaze zilizobaki. Kopo la sabuni lisitolewe sandukuni mpaka mvua zinyeshe.