Mama alipoambiwa mfupa wa taya la juu umekwisha

Mama yangu anaishi Ijuganyondo, hapa Bukoba, na ni mkarimu kweli kweli. Mgeni akifika humtolea kahawa ya kutafuna, kama ilivyo kwetu Wahaya. Yeye mwenyewe aliacha kuitafuna zamani. Magego ya juu yalikwisha moja baada ya jingine, na mawili ya mwisho yaling'olewa mwaka ule wa tetemeko, 2016. Alibaki na meno ya chini na sita ya mbele juu, imara kabisa.

Mwaka jana sisi watoto tukaamua awekewe vipandikizi. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titaniamu inayozamishwa kwenye mfupa wa taya. Mfupa ukishaishika vizuri, jino bandia linafungwa juu yake na halivuliwi usiku. Si jambo jipya. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, na mgonjwa huyo, Gösta Larsson, aliendelea kuvitumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Kliniki ya kwanza tuliyokwenda ilitujibu haraka. Mfupa wa nyuma umekwisha, kwa hiyo mama ang'olewe na yale sita ya mbele, awekewe vipandikizi vinne, afungiwe meno yote mapya ya juu. Bei sitaitaja. Kaka yangu aliyeko Muleba alipoisikia aliuliza kama tunanunua meno au kiwanja. Mama hakuuliza bei. Aliuliza, "Hayo sita yana kosa gani?"

Hakujibiwa. Tukatafuta daktari mwingine wa kinywa na meno.

Huyu hakutaka kusema lolote kabla ya kuona picha ya CT ya taya na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, maana mama ana kisukari. Sukari isiyodhibitiwa, kama sigara, huchelewesha kidonda kupona na hufanya kipandikizi kishindwe kushika. Sukari yake ilikuwa juu kidogo, ikabidi tusubiri ishuke.

Wakati huo daktari alitueleza kwa nini mfupa ulikwisha. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika unakosa kazi na kuanza kusinyaa. Katika mwaka wa kwanza peke yake unene wake unaweza kupungua hadi karibu nusu. Taya la juu lina tatizo lake la ziada. Juu ya magego kuna sainasi, kile chumba cha hewa kinachouma ukipata mafua makali. Magego yasipokuwepo, chumba hicho hutanuka kushuka chini, huku mfupa ukiendelea kuisha kutoka upande wa fizi. Meno ya kuvaa na kuvua hayazuii hali hiyo, na yakikaa vibaya huizidisha.

Picha ikaonyesha kwamba kushoto mama alibakiwa na mfupa wa milimita 7, kulia 3.

Zamani madaktari walitaka walau 10. Siku hizi kuna vipandikizi vifupi vinavyotosha penye 7, kwa hiyo kushoto kulikuwa na njia rahisi. Kulia ingebidi kunyanyua sainasi: daktari anafungua kidirisha kidogo ubavuni mwa mfupa, anasukuma juu ngozi laini ya ndani bila kuichana, kisha anajaza nafasi hiyo kwa chembe za mfupa. Chembe hizo zinaweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kutengenezwa kiwandani, au kutokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa. (Mama aliuliza kama ni ng'ombe wa pembe ndefu wa Karagwe.) Baada ya hapo ni kungoja miezi sita hivi kabla ya skrubu kuingia.

Kwa asiye na jino hata moja juu, vipo vile vinne tulivyotajiwa mwanzo, ambapo viwili vya nyuma hulazwa ili kuikwepa sainasi. Na kwa aliyeishiwa mfupa karibu wote, au aliyekatwa sehemu ya taya kwa sababu ya uvimbe, kuna vipandikizi virefu, vingine zaidi ya sentimita 4, vinavyopita hadi mfupa wa shavu. Mara nyingi hivyo huwekwa kwa nusu kaputi na vinahitaji daktari mzoefu hasa. Ni njia nzuri kwa wanaozihitaji. Kumng'oa mtu meno sita mazima ili afae kwa tiba ya wasio na meno, mimi siiiti tiba.

Kwa wenye watoto: kijana akivunjika jino la mbele uwanjani, msikimbilie kipandikizi. Hakikui pamoja na taya, kwa hiyo husubiriwa amalize kukua, kwa kawaida si kabla ya miaka 18.

Tukarudi nyumbani kujadili fedha. Bei ya jino moja ilizidi mshahara wangu wa mwezi, na Januari ilikuwa inakuja na ada ya mtoto wa kaka. Mama alisikiliza, kisha akasema awekewe kushoto tu. Tulibishana naye siku mbili.

"Mwanangu," aliniambia, "upande mmoja unanitosha kutafuna. Huyo mtoto mtampeleka nusu shule?"

Daktari hakumpinga. Alisema tu meno ya chini upande wa kulia yaangaliwe, kwa kuwa jino lisilo na mwenzake wa juu huweza kupanda taratibu, na kwamba fizi zinazozunguka kipandikizi nazo huugua zisipopigwa mswaki. Skrubu mbili ziliingia kwa ganzi ya kawaida, asubuhi moja. Meno yenyewe atafungiwa mfupa ukishakaza, kama miezi minne mpaka sita. Mama amekwishauliza kama ni kabla ya msimu wa senene. Daktari amemwambia aanze na maharage.